Mke wa Mpishi wa Waitaliano

Mtu wa Mtendeni, hapa Tabora, akipata safari ya Dar es Salaam, na tumbo lake likataka makuu, hakuhangaika kumuuliza mwenye gari wala msomi. Alikwenda kwa Advera, muuza karanga.

"Dada Advera, nataka nikaonje chakula cha Kiitaliano. Niende wapi?"

Naye Advera, ambaye tangu azaliwe hajavuka Dodoma, aliweka ungo chini akaeleza. Uende Masaki, kwenye ule mgahawa wenye vigae vyekundu. Usikae nje, upepo unapoza piza. Tambi za kaa achana nazo, kaa ni kujichosha bure. Agiza lasanya, na uwaambie jibini iungue kidogo juu. Na tafadhali, usije ukamuulizia Wilbroad! Mwenye mgahawa ni mkali, hapendi wapishi waitwe mbele za watu. Watu walikwenda, wakala, wakarudi wamenawiri na kusema, "Dada, hukukosea hata kidogo."

Angekosea vipi? Wilbroad mumewe alikuwa mpishi mkuu wa mgahawa huo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Jumapili alipiga simu akamsimulia kila sahani, moja baada ya nyingine, mpaka mke akameza mate. Nyumbani alikuja Krismasi kwa Krismasi, kwa treni.

Ila Advera mwenyewe hakuwahi kupelekwa. Aliomba, jamani, aliomba mpaka akajichukia. "Nipeleke siku moja tu nikae mezani, nile, nirudi." Wilbroad alikuwa na jibu moja: "Mwakani, mama." Mwakani ikazaa mwakani. Mwishowe Advera akaacha kuuliza, akajijibu mwenyewe: mume wangu ananionea haya. Mimi na kanga zangu, na hii miguu yenye magaga, atanikalisha wapi mbele ya wazungu? Hilo alilimeza, wala hakumwambia mtu.

Sasa Wilbroad amekufa. Presha ilimwangusha asubuhi moja, na siku ya tatu alikuwa ameshafika Tabora ndani ya sanduku. Wakamwombea kanisani, wakamzika. Advera hakulia. Hakutoa hata lile chozi la kuwaridhisha wakwe. Alikaa mkekani, alipoambiwa kula akala, alipoambiwa kulala akalala. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaufinya, unaufinya, husikii kitu. Mawifi walinong'ona, tena kwa sauti ya kusikika. Imakulata, mkubwa wao, alisema waziwazi, "Miaka yote hiyo kala jasho la kaka yangu, leo chozi linamshinda?"

Advera alisikia na hakujali. Kilichomtisha ni kingine. Leo walikuwa wanaanua matanga. Jioni watu wangetawanyika, na yeye angebaki na ganzi yake na swali lake, na marehemu haulizwi.

Wakiwa wamemaliza kula, ikasikika kelele mlangoni.

"Wanyamwezi! Mmemuua mwenzangu kwa matobolwa, viazi vyenu vikavu, sasa mnashiba!"

Alikuwa Twalibu, Mzaramo, mhudumu wa mgahawa uleule wa Masaki, aliyekosa ruhusa ya kuja kuzika. Uwanja mzima ulichangamka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe kichwani, na msiba usio na mtani ni msiba mkavu. Mtani huruhusiwa kila kitu. Atamtukana maiti, ataiba kuku wako, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Neno lake haliwekwi moyoni.

Twalibu alijilaza kizingitini akazuia watu wasipite mpaka apewe jogoo. Akapewa. Kisha akafungua begi, akatoa aproni ya marehemu, akaivaa. Watu wakajisogeza, maana walijua kinachofuata. Mtani akishavaa nguo ya marehemu huwa ndiye marehemu mpaka aivue. Ukimwita kwa jina lile, ataitika.

Akatembea, bega la kushoto chini, akikohoa kikohozi kile kile. Watu walishika mbavu. Advera alimtazama kama anavyotazama mvua.

"Mpishi mkuu!" akaita Erasmus, shemeji yake Advera. "Tupikie basi!"

Twalibu hakwenda kwenye masufuria. Alikwenda kwenye karai la vyombo vichafu, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akaanza kuosha. Alikombeleza sahani kwa kidole, akalamba, akafumba macho. Halafu akaweka kijiko sikioni kama simu. "Haloo, mama? Leo nimewapikia lasanya. Jibini nimeiacha iungue kidogo juu, hapo ndipo penye utamu."

Loo! Watu walianguka chini. "Mtani mshenzi huyu! Mpishi mkuu kamgeuza muosha vyombo!" Imakulata alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Advera hakucheka. Maneno yale ya simu aliyajua neno kwa neno. Alikitazama kidole kile kikizunguka ukingo wa sahani, akaona jinsi mtu anavyoweza kujua ladha ya kila chakula cha mgahawa bila kukipika hata kimoja, na bila kukaa mezani hata mara moja.

Akainuka, akakata uwanja mpaka kwenye karai.

"Wilbroad."

"Naam, mama," akaitika Twalibu, akicheka bado.

"Kwa nini hukunipeleka?"

Kicheko kilimtoka Twalibu usoni. Angeweza kuivua aproni, mambo yakaishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuivua. Aliteremsha sauti mpaka ikawa ya Wilbroad kabisa.

"Ningekupeleka vipi, mama? Ungekaa pale mezani, ungemtaka mpishi aje umwone. Angekuja mwingine. Mimi wangenitoa kule nyuma, nimelowa mpaka magoti, na wewe umeshawatangazia Mtendeni nzima. Kila mwaka nilimwambia Twalibu, safari hii narudi naye. Kila mwaka nikashindwa. Niliona haya."

"Ulinionea haya?"

"Wewe? Wewe ndiye niliyekuwa najivunia, mama. Nilijionea haya mimi."

Hapo Advera akasikia maumivu. Yalianzia chini ya kifua yakapanda, na yaliuma, yaliuma kweli. Akamkamata Twalibu kwa mikanda ya aproni akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi.

"Mjinga wewe! Mjinga, Wilbroad! Mimi nikajua ni miguu yangu! Miaka yote nikajua ni miguu yangu!"

Sauti ikapasuka ikawa kilio, na kilio kilipoanza hakikuwa na breki. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. "Mtani kaweza! Kamliza mjane!" Imakulata alikuja mbio akapiga makofi, akiamini bado wanacheza, na kwamba sasa marehemu ameliliwa inavyopasa. Twalibu alisimama, mikono ikimchuruzika maji, akiziacha ngumi zimpate.

Advera hakuwasikia waliokuwa wakishangilia. Alikuwa amelaza paji la uso juu ya aproni ile, akisema na mumewe.

"Ungenileta hukohuko nyuma. Ungenipa ndoo nikakalia. Makombo yangetutosha, Wilbroad, yangetutosha sote wawili."