Siku Sadiki Alipodhaniwa Bubu

Mzee Abbasi, fundi cherehani wa Tabora mjini, alipanga safari ya kwenda Urambo kumposea mpwa wake Majidi. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mdogo wake Sadiki ilikuwa lazima awemo, na Sadiki alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Ukweni hakuna porojo," alimwambia asubuhi ile, gari la kukodi likinguruma mlangoni. "Wewe salimia, kunywa chai, basi. Maneno niachie mimi."

"Sawa, kaka," Sadiki akajibu. Alipotaka kuongeza neno, Abbasi akamwinulia kidole.

Njia nzima Abbasi alimweleza mkewe, Mwanahawa, madhara ya watu wasiojua kunyamaza. Mwanahawa aliitikia "mh" mara mbili tatu, kisha akasinzia.

Mzee Uwesu, baba wa binti, aliwapokea vizuri. Shikamoo zikaitikiwa, mkeka ukatandikwa, chai na maandazi vikaletwa. Abbasi akasafisha koo, akaanza. Alianzia kwa babu wa babu yao, aliyekuja na msafara kutoka pwani, akanogewa na Tabora asirudi tena. Akapitia mvua za mwaka jana, akafika kwa vijana wa leo na suruali zao. Kila Mzee Uwesu alipofungua mdomo, Abbasi alimwambia, "Namalizia, mzee wangu." Ikaadhiniwa adhuhuri. Wakaswali, wakarudi mkekani, naye akaendelea palepale alipoishia.

Mama wa binti alikuwa akimtazama Sadiki kwa huruma. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Samahani, baba," alimwambia Abbasi. "Huyu ndugu yako alizaliwa hivi, au ni maradhi?"

"Hivi vipi?"

"Si bubu?"

"Bubu! Mama, huyu anaongea kupita kiasi! Ukikaa naye hupati hata nafasi ya kumeza mate. Nimemkataza mimi mwenyewe, maana akishaanza..."

Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Vikombe vyao vilikuwa vitupu zamani, chake kimejaa, chai imeshika utando. Mwanahawa alikuwa ameinama, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Kwani mmekuja kwa shughuli gani?" Mzee Uwesu aliuliza kwa upole. "Naona bado hatujaifikia."

Kweli, hata jina la Majidi lilikuwa halijatajwa. Abbasi alihisi masikio yanamwaka moto. Akamgusa mdogo wake goti.

"Sema wewe, Sadiki. Mimi nimewachosha watu."

Sadiki akanyoosha kanzu yake. "Mzee wetu, tunamwomba binti yenu Mwanajuma aolewe na mpwa wetu Majidi. Ni kijana mtulivu, ana kazi yake, na anampenda." Akanyamaza.

"Sasa nimesikia," alisema Mzee Uwesu. Akaahidi kuwapa jibu baada ya kushauriana na ndugu zake, lakini papo hapo akaagiza kuku achinjwe. Wageni wakatazamana, wakatabasamu.

Wakati wa kurudi, Sadiki alifunguka kama bomba lililopasuka. Akaanza kisa cha ng'ombe wa rafiki yake kule Choma aliyeingia kanisani siku ya harusi. Abbasi akafungua mdomo kumkatiza. Mwanahawa akamwekea karanga kiganjani.

"Tafuna, baba Najiat."

Akatafuna. Gari lilipofika Tabora, ng'ombe alikuwa ndiyo kwanza amefika madhabahuni, na Abbasi akamwomba dereva azunguke mtaa mara moja zaidi. Hakuwa amewahi kusikia kisa chochote cha mdogo wake hadi mwisho.