Hodi ya Chai

Kiti kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Alfajiri ilikuwa bado, nami nilikuwa macho kodo kitandani, nikajua mjukuu wangu ameamka na goti lake limeanza kucheza chini ya meza. Goti likicheza, kiti hulia. Kiti kikilia, usingizi nao hunipa kisogo.

Mjukuu wangu anashona mashati kiwandani. Kabla ya zamu hucheza mchezo wa vita kwenye kompyuta pamoja na kikosi chao kiitwacho Jamvi. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Wanajuana kwa sauti na majina ya utani. Yuko Nyundo, anayechomelea mageti, na yuko Hamira, mwoka mikate, ambaye hucheza akingoja unga uumuke. Mjukuu wangu ndiye nahodha, wanamwita Kifungo. Saa hiyo ndiyo wote wana nafasi na mtandao haujasongamana.

Nimewapenda bila kuwaona. Nilipougua kifua, Hamira alinipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Nyundo mdomo wake ni gunia la mkaa, lakini hajawahi kumtukana mtu kabla hajanipa shikamoo yangu.

Neno lao la kuvamia ngome ya wapinzani ni "hodi", nalo walilipata kwangu. Kila nilipopeleka chai nilibisha hodi mlangoni, maiki ikanasa, wakacheka mpaka wakalifanya lao. Nahodha akisema hodi, wote wanaingia kwa kishindo. Tangu hapo, wakiwa wanacheza, mimi hugonga mlango kwa ukucha tu.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mechi ya kuamua. Kikosi kitakachoshinda kingeingia raundi kubwa, ambayo Jamvi waliitafuta mwaka mzima. Mjukuu wangu alikuwa hajala tangu jana yake. Chai ilipochemka nikasikia milio ya bunduki imekatika, na kiti nacho kimya. Nikajua wamemaliza. Nikachukua kikombe, nikasimama mlangoni, nikasema kama nilivyolelewa, "Hodi."

Kumbe hawakuwa wamemaliza. Nahodha wa wapinzani, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ameomba wasimame kidogo, mtoto wake ameamka analia. Mjukuu wangu alimkubalia. Hapo ndipo hodi yangu ilipopita kwenye maiki. Sauti yangu na ya mjukuu wangu hata mama yake huzichanganya kwenye simu. Nyundo na Hamira wakaingia kama mafuriko kwenye ngome isiyo na mlinzi.

Nilipoweka kikombe mezani, skrini ilikuwa imeandika ushindi na Nyundo alikuwa akishangilia. Mjukuu wangu ameshika kichwa; yeye peke yake hakuwa amesogea. Akanieleza kwa maneno machache kilichotokea. Nikakaa kitandani kwake.

Ile sauti ya kukwaruza ikasikika kwenye spika, bila hasira. "Mlisema mtatusubiri." Nyuma yake mtoto bado analia.

Ushindi ulimngoja nahodha wa Jamvi abonyeze kitufe cha kuuthibitisha. Asipobonyeza, mechi ingerudiwa. Nyundo alisema abonyeze upesi, mchezo si msiba watu wangojeane, na sheria haimjui mtoto wala bibi. Hamira alisema mkate wake unaungua, kisha akasema polepole kwamba yeye atamfuata nahodha. Mjukuu wangu akapeleka kidole, akakirudisha. Goti likaanza. Kiti kikalia.

Kilio kile cha mtoto kilinishinda. Nikainamia maiki. "Mwanangu, mtoto ana nini?"

"Meno, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, umpe atafune. Na unisamehe, mama. Ile hodi ilikuwa ya chai."

Akacheka, na waliokuwa naye wakacheka. Nyundo naye alicheka, ingawa alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi.

"Nyundo," mjukuu wangu akasema, "ukibisha hodi kwa mtu na hajajibu, unafanyaje?"

"Mimi ndiye mtengeneza mageti. Hodi ya nini?"

"Nijibu."

"Nangoja," Nyundo akasema, kama mtu anayetema kokwa.

"Basi." Na mkono wake ukatoka kwenye kitufe.

Nyundo akasema raundi kubwa sasa wataiota, akajitoa. Jamvi wakabaki wawili, wapinzani watatu. Hakuna aliyemwambia kitu yule mwanamke, lakini nilimsikia akimtuma mwenzake mmoja akae pembeni ili wawe sawa. Hata kelele hakupiga. Jambo hilo nimelishika.

Mtoto alipotulia wakaanza upya. Katikati ya mapigano Nyundo akarudi, akasema alikwenda kunywa maji. Hamira akamuuliza kama maji hayo aliyachimbia kisima. Wapinzani nao wakamrudisha wa tatu wao. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Chai ikapoa bila kuguswa.

Jamvi walishindwa, tena kwa tundu la sindano. Mjukuu wangu akainama, akatafuta viatu vya kazini. Macho yalikuwa mekundu na goti bado linacheza. Nyundo akasema yeye hasemi kitu, akasema hivyo mara kadhaa.

Nilikuwa natoa kikombe nje sauti ile ilipoita kwenye spika. "Bibi bado yupo?"

"Nipo, mama."

"Amelala na kitambaa mdomoni. Kifungo, hiyo raundi kubwa tunahitaji watu wa kutunoa. Njooni tena kesho alfajiri, na huyo Nyundo aje na mdomo wake. Bibi, nawe uje na chai. Bisha hodi tu, safari hii tutakuwa mlangoni."