Kivuli cha Mpigaji Mgeni

Kila Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtunza uwanja wa kriketi alitoa stoo mashine ya kukatia nyasi, akaijaza mafuta, akakifuta kisu chake kwa kitambaa, kisha akaanza kukata kutoka upande wa ubao wa matokeo. Akifika kwenye mstari wa mpigaji, upande wa kusini, aliizima, akapiga magoti na kumalizia kwa mkasi. Hapo palikuwa na kivuli cha mtu, na mashine ilikuwa ikikikwaruza.

Kivuli hakikuwa na mwenyewe. Kililala mguu mmoja mbele, gongo la kupigia mpira limeshikwa karibu na goti, kichwa kimegeukia kule anakosimama mwamuzi. Kilikuwa hapo mwaka wa kumi na moja sasa, jua litoke lisitoke, na siku zote kilikuwa na urefu wa saa kumi na robo alasiri, kwa kuwa ndiyo saa kilipoachwa.

Kiliachwa siku ya mechi ya mwisho dhidi ya timu ya taifa ya wageni. Wenyeji walibakiza kumtoa mtu mmoja tu wachukue kombe. Wageni walibakiza mikimbio minne washinde. Aliyekuwa akipiga ni kijana mwembamba aliyesimama tangu asubuhi bila kutetereka. Mpira ulikuja, ukagonga gongo, ko, ndipo ukagonga mguu. Katika kriketi mpira ukiugonga mguu ulio mbele ya vijiti anavyovilinda, mpigaji anaweza kutolewa, lakini ukianza kwenye gongo hatoki. Hata muuza soda wa jukwaani analijua hilo. Uwanja mzima uliruka na kumlilia mwamuzi. Mwamuzi akanyoosha kidole juu: ametoka. Kijana alimtazama kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu, kisha akatia gongo kwapani akaondoka. Mwili uliondoka. Kivuli kilibaki kikimtazama mwamuzi.

Chama cha wageni kiliandika barua. Kamati ya wenyeji ikajibu kwa adabu kwamba kivuli kimeshaingizwa kwenye orodha ya vitu vilivyosahauliwa, baada ya miavuli mitatu na kiatu kimoja cha kushoto, na kwamba mwenyewe aje na kitambulisho.

Msimu uliofuata ikagundulika kwamba mpira ukidunda ndani ya kile kivuli, mpigaji mgeni hauoni vizuri. Wenyeji walikuwa wamekizoea. Mwenyekiti alishuka kutoka ofisini na viatu vyake vya kung'aa, akakizunguka mara mbili.

"Bwana Nyasi," alisema, maana ndivyo walivyomwita mtunza uwanja, "hiki kitu kitunze kama mboni ya jicho. Mcheza kwao hutunzwa."

Maneno hayo yalikuwa yameshapakwa rangi juu ya mlango wa wachezaji, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakuonywa.

Bwana Nyasi alikitunza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jukwaa, ambayo ilikuja na kazi na ingeondoka na kazi. Kabla ya mechi ile aliambiwa asimwagilie upande wa kusini, uwe mkavu uwafae warushaji wa nyumbani, naye hakumwagilia. Kila nchi hufanya hivyo. Baada ya mechi wageni waliuliza kama kuna aliyesikia kitu. Yeye alikuwa ameketi juu ya rola ya kushindilia uwanja, hatua arobaini tu kutoka pale. Aliandika kwamba alikuwa akiangalia mawingu.

Mwenye kivuli alikuja Jumanne moja saa tatu asubuhi, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka minane. Ule wembamba ulikuwa umekwisha. Siku hizi alikuwa fundi wa mapaa, na viganja vyake vilikuwa na makovu ya mabati. Walivuka sakafu ya saruji ya langoni. Lango lilikuwa na kivuli. Mkoba wa mtoto ulikuwa na kivuli. Mtoto hakuwa nacho, wala baba yake.

"Shikamoo, babu," mtoto alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekuja na kitambulisho," alisema baba yake.

Mtunza uwanja aliwapisha, akawaletea maji ya kunywa. Fundi alieleza bila kupandisha sauti. Yeye mwenyewe alishazoea. Watu wa kwao hawakumtenga; walimwonea haya tu, na juu ya bati saa saba mchana mtu hahitaji kivuli, anahitaji kofia. Lakini mtoto alizaliwa hivyo hivyo. Shuleni wenzake hucheza kukanyagana vivuli wakati wa mapumziko. Anayekanyagwa ndiye anayefukuza. Huyu hajawahi kukanyagwa, kwa hiyo hajawahi kufukuza, na siku nyingi hukaa kwenye ngazi akiwashikia sweta.

"Kikinirudia mimi, huenda naye akapata," fundi alisema. "Sitaki kombe. Kombe kaeni nalo."

Ofisini mwenyekiti alikikagua kitambulisho mbele na nyuma, akasema picha haina shida. Shida ni kwamba kitu kikikaa zaidi ya miaka kumi huwa mali ya uwanja. Alisema anasikitika, na pengine alisikitika kweli, kwa sababu alimpa mtoto kalamu yenye nembo ya chama. "Yaliyopita si ndwele," aliongeza, akawafungulia mlango.

Hapo ndipo Bwana Nyasi alipokumbuka kitabu cha sheria. Kilikuwa stoo, kimewekwa chini ya mlango usijibamize. Alikipangusa vumbi, akatafuta ukurasa, akausoma kwa kidole. Mwamuzi akitambua kwamba amekosea, anaweza kumrudisha mpigaji, maadamu hajatoka uwanjani.

"Huyu hajatoka," alisema, akionyesha kivuli kwa mkasi. Moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. "Twendeni kwa shemeji."

Mwamuzi alikuwa mume wa dada yake. Alikuwa amestaafu, akiishi mtaa wa pili, na barazani kwake palikuwa na kiti ambacho majirani walimnunulia kwa kuchangishana. Dada alileta viti na chai, akamkalisha mtoto karibu naye. Mwamuzi aliwatazama wageni, akautazama mwanga uliopita katikati ya miguu yao na kufika sakafuni bila kuzuiwa, akashusha kikombe.

"Nilisikia," alisema, kabla hajaulizwa. "Ko. Hata leo nikifunga macho naisikia."

"Sasa kwa nini, mzee wangu?" fundi aliuliza.

"Ninyi mlikuwa mnalala hoteli usiku mmoja, kisha ndege. Mimi nilikuwa nalala hapa. Watoto wangu walikuwa wanasoma hapa. Ile kelele, mwanangu, haikuwa inaniomba. Ilikuwa inanikumbusha ninakaa wapi."

Hakuna aliyenywa chai. Kisha dada akamwambia mumewe, kwa sauti ya kumwambia akafunge dirisha, "Kesho utakwenda, baba watoto. Nitakupigia pasi lile koti jeupe."

Alikwenda. Saa nane mchana siku ya pili aliingia uwanjani na koti jeupe na kofia, akasimama nyuma ya vijiti vya kaskazini palepale alipokuwa amesimama. Habari zilikuwa zimetembea, na juu ya ukuta vichwa vya majirani vilijipanga. Mwenyekiti alikuwa dirishani. Fundi na mwanawe walisimama nje ya kamba, mtoto ameshika suruali ya baba yake. Kivuli kilimwona mwamuzi, kikainua kichwa kidogo.

Mwamuzi akitaka kufuta uamuzi wake, hugusa mabega yote mawili, kila mkono bega la upande wa pili. Ni jambo la kupumua mara moja. Alipeleka mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, ukatua pale. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda, ukafika kifuani.

Kutoka ukutani mtu mmoja aliita, bila ukali, kama anayemsalimia, "Mwamuzi! Tuko nyumbani!"

Mkono wa kushoto ulisimama. Mtunza uwanja alikuwa ameketi juu ya rola, hatua arobaini, kama siku ile. Alifungua kinywa. Ufunguo wa nyumba ya vyumba viwili ulikuwa umening'inia kiunoni mwake, na alikuwa akiusikia uzito wake. Alifunga kinywa.

Mwamuzi alijikuna bega, kama mtu aliyeng'atwa na mdudu. Alijikuna muda mrefu, mpaka ikawa kweli alikuwa akijikuna tu. Kisha akasema, "Jua kali leo," akavua kofia, akaenda zake. Majirani walimpisha langoni na kumsaidia kushuka ngazi. Dada alikuwa amebaki barabarani, na hakumpa mkono.

Bwana Nyasi aliwafuata wageni penye kamba. Alikuwa akilia, mtu mzima, na mkasi mkononi. "Na mimi nilisikia," alisema. "Siku ile. Nilisikia."

"Najua, mzee," fundi alijibu. "Ulikuwa umekaa juu ya rola. Nilikuona ukiinua kichwa. Nilijua ni wewe utakayesema."

Basi lao lilikuwa saa kumi. Kabla ya kuondoka mtoto aliomba ruhusa ya kuingia ndani ya kamba, na mtunza uwanja akaiinua apite. Alivua viatu, akatembea hadi kwenye mstari, akakiamkia kivuli kama alivyofundishwa kuwaamkia wakubwa. Halafu akaruka, akatua katikati yake kwa miguu yote miwili.

"Nimekukanyaga, baba!" alisema akicheka. "Nifukuze!"

Alikimbia hatua tano, akageuka kutazama. Kivuli hakikusogea. Kilikuwa kikitazama pale alipokuwa mwamuzi. Mtoto alisubiri, akarudi, akakikanyaga tena polepole, akakimbia tena, akageuka tena. Mara ya tatu baba yake aliingia ndani ya kamba, akamfukuza yeye mwenyewe mpaka langoni, na hapo akambeba.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu mtunza uwanja alitoa mashine, akaijaza mafuta, akaanza kutoka upande wa ubao wa matokeo. Mwenyekiti alikuwa ameagiza uzio mdogo uwekwe kukizunguka kivuli kabla timu nyingine ya wageni haijafika Jumamosi. Alipofika kusini aliizima, akapiga magoti. Ndani ya kivuli, kwenye nyasi zilizopauka, palikuwa na alama za miguu miwili midogo, vidole kumi vikionekana. Alizizunguka kwa mkasi, hakuzigusa, akaendelea na kazi.