Kisu Kisichotaka Kwisha

Mdogo wangu ni mhunzi, na tangu mkewe afariki, maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyafunga kwenye pindo la nguo na fundo lisionekane. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yangu. Kidirisha changu cha jikoni kinatazama humo humo. Nilijua yu hai kwa kusikia nyundo.

Ndipo akaja yule mkusanya visu. Mstaafu, mpole, viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona uso. Kwake, alisema mwenyewe, ana kabati la vioo limejaa visu vya kila namna, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuonja kitunguu. Alitaka kimoja kifuliwe kwa mkono, mpini upimwe kwa kiganja chake. Akaomba awe anakuja kukitazama kikizaliwa.

Basi akawa anakuja, anakalia debe kando ya makaa, na mdogo wangu akaanza kusema. Mimi huku masikio yamesimama kama ya sungura.

"Kitendawili," nikamsikia siku moja.

"Tega."

"Mwanangu nikimchoma hulainika, nikimwogesha hugumuka."

Mgeni akafikiri weee, akasema yai.

"Umenoa, ndugu yangu. Nipe mji."

Akapewa mji, akaukataa, eti una vumbi. Akapewa mwingine. Jibu ni chuma, hata nyinyi mmeshajua. Lakini mimi nilisimama na mwiko mkononi, maziwa yanafurika, maana kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tutoke makaburini.

Kisu kikawa hakiishi. Mara ubapa umepinda, mara mpini unabana. Halafu asubuhi moja nikasikia "ti!", sauti ndogo kama jino linalovunjika. Nikaingia. Kisu kimepasuka. Chuma kile kilikuwa springi ya lori, na chuma cha namna hiyo kikitoka motoni huzimwa kwenye mafuta, maji hukipasua. Baba alitufundisha sote, yeye akipiga nyundo, mimi nikivuta mivukuto. Pipa la mafuta lilikuwa limefunikwa. Ndoo ya maji ndiyo iliyokuwa ikitoa mvuke.

Nikamuuliza kama amesahau kazi. Akageuza geuza kile kipande.

"Kikiisha, dada, atakuja kufanya nini?"

Nikamwambia mgeni hafungwi kwa kisu kibovu. Amalize, kisha amwambie tu, kama mtu mzima, asiache kuja. Akaitikia kwa kichwa. Siku zilizofuata nilimwona akijizoeza maneno mbele ya makaa, midomo inacheza, sauti haitoki.

Kisu alichokifua safari hii, wajukuu zangu, kilikaa kiganjani mwa yule bwana kama mkono wa mtoto. Alikigeuza, akakigeuza tena, akakiviringisha kwenye kitambaa. Hakuondoka. Alisimama pale anasubiri, nawaapia, alikuwa anasubiri.

Mdogo wangu akasafisha koo. Yakamtoka yale yale anayowaambia wote, mwenye jembe na mwenye panga, tangu ujana wake:

"Asante kwa kuniungisha. Karibu tena, mteja."

Nikauma kidole.

Yule bwana akakitia kisu kwapani. "Haya, fundi," akasema. Siku zote alikuwa akimwita "ndugu yangu". Viatu vyake vikasikika kwenye changarawe, taratibu, kama vinavyompa mtu nafasi ya kuita.

Nikatoka mbio, nikamshika mdogo wangu mkono, nikamwambia amfuate. Akabaki ameganda, jasho linamtoka, anasema atamwambia nini sasa, ameshaharibu. Hadi nimkokote kufika barabarani, palikuwa pamejaa watu, na mgongo wa mtu mmoja haukuwa na tofauti na wa mwingine.

"Basi twende kwake," nikasema. "Anakaa wapi?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Muda wote ule mtu alikuwa anakuja mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.