Uzito Uko Mwanzoni

"Sto!" Ciza akainua. "Kii!" Yeye na Sévère wakaliyumbisha gunia. "Pa!" Likatua juu ya rundo, vumbi la unga likawapanda puani.

"Sto-KII-pa," Sévère akarudia, akihema.

"Hapana, ndugu yangu. Weye unakandamiza katikati, kama Kiswahili. Kiingereza uzito iko mwanzoni, pale pa kuinua. Ingine inafuata yenyewe."

Miaka kumi na moja walikuwa wakishika gunia moja, huyu huku, huyu kule, katika depo ya msaada pale Uvira. Sasa mgeni wa Kiingereza alikuwa anakuja kuchagua kwa mtihani storekeeper, mtunza ghala, kati ya wabebaji: yule atakayeweza kuitaja kazi na bidhaa zake sawasawa kwa Kiingereza. Ciza aliishia darasa la nne, lakini Kiingereza kidogo alikiokota kambini Tanzania. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Kile kiti cha storekeeper pale mlangoni alikihitaji kama dawa.

Hata hivyo alimfundisha Sévère. Mtu anayeshika upande wa pili wa gunia lako humfichi kitu. Akiachia mapema, amekuvunja.

"Mutihani iko siku ya ine," Sévère alimwambia. "Siku ya tatu wende Bwegera, usaidie mama yako kuvuna mupunga. Miye niko hapa."

Ciza akaenda. Siku ya nne, Alhamisi asubuhi, akarudi, shati limepigwa pasi, mkononi kilo tano za mchele mpya wa kumpa rafiki yake.

Sévère alikuwa amekaa kwenye kile kiti, beji kifuani.

"Mutihani ilikuwa jana," alisema, macho kwenye daftari.

"Uliniambia siku ya ine."

"Walibadilisha."

Florentine, mfagiaji, akasimamisha ufagio. "Nani alibadilisha? Shefu wa depo alikutuma utangazie watu siku ya tatu. Ulituambia wote, Sévère. Kasoro huyu."

Sévère akafunua ukurasa. "Ciza, lori inangoja."

Ciza akalivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya mchele. Mbebaji mpya, Itangishaka, akashika upande wa pili wa gunia.

"Tunahesabu namna gani, mukubwa?"

"Inua tu."

Wakainua, wakapakia. Mlangoni, kila gunia lilipopita, kidole cha Sévère kiligonga meza mara tatu, pigo la kwanza zito kuliko mengine.