Kinyozi kwenye Lango la Tatu

Kinyozi huyu watu walimwita Redio, na jina halikumwonea. Tangu anapokufunga kitambaa shingoni mpaka anapokupaka spiriti kisogoni, mdomo wake haukupumzika. Walikuwepo na wenye vipara waliokuja kukaa kitini kwake, ilimradi wacheke.

Ndiyo maana shemeji yake, fundi saa, alipomwambia kuna watu wanaomfundisha mtu kujijua, Redio aliangua kicheko.

"Mimi? Mbona najulikana mtaa mzima!"

"Mtaa unakujua," fundi saa akasema. "Wewe je, unajijua?"

Swali lile likamwasha kama unywele ulioingia kwenye kola. Alhamisi iliyofuata akaenda.

Walikutana jioni juu ya duka la fundi saa, katika chumba ambacho madirisha yake yalibandikwa karatasi za kaki. Mwalimu wao alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu asiyejua kutabasamu, aliyepiga magoti na kuwachorea kwa chaki sakafuni. "Duara ni dunia," alisema. "Mraba ni mwili. Nukta ya katikati ni wewe, na ili uifikie kuna malango saba."

Kwenye lango la kwanza Redio alisimama saa nzima mbele ya timazi, uzi wenye kipande cha risasi, mpaka uzi ukatulia na yeye akatulia. La pili alilipita akiwa amefungwa macho. La tatu lilikuwa kimya. Siku ishirini na moja bila neno, bila kuandika, bila hata kutikisa kichwa kukubali au kukataa, na mtu wa nje asiambiwe sababu. Akafungwa uzi mweusi mkononi, akaapa.

Siku ya kwanza wateja walidhani ni mzaha mpya. "Redio imeisha betri!" wakapiga makofi. Siku ya nne mzaha ulikuwa umechacha, na baadhi yao wakavuka barabara kwa kinyozi wa upande wa pili. Kibanda cha Redio kilitosha viti viwili tu, na kioo mbele, kioo nyuma. Kila alipogeuka alikutana na uso wake mwenyewe, umefumba mdomo, unamkodolea. Maneno yalimjaa kifuani mpaka akahisi kama kuta zinasogea.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mke wake alianza kwa kucheka, akaja akanuna, mwisho akaacha sahani mezani na kumkabili.

"Nimekukosea nini? Niambie, nikuombe radhi yaishe."

Redio akamtazama. Hata kichwa hakuruhusiwa kukitikisa. Macho ya mke wake yakajaa machozi, akaondoka na sahani.

Kesho yake Redio alimkimbilia mwalimu, kwa kuwa ndani ya chumba kile kusema kuliruhusiwa. "Mzee, nipe ruhusa ya sentensi moja kwa mke wangu."

"Anayeomba si wewe, ni mdomo wako," mwalimu akajibu. "Mwenyewe yuko wapi?"

Akamgeukia fundi saa. "Shemeji, basi kamwambie wewe. Ni dada yako."

"Na mimi nimeapa," fundi saa akasema, akiinamisha kichwa.

Siku ya kumi na nne, mchana, kibanda kikiwa kitupu, mke wake aliingia, akafungua kilemba, akaketi kitini.

"Ninyoe. Zote. Kama kusema na mimi huwezi, basi fanya kazi yako."

Redio akawasha mashine. Hakuwahi kukishika kichwa cha mkewe namna ile. Nywele zilipoanza kudondoka, mke wake akaanza kusema na kioo.

"Mtoto wetu alipofariki angali mchanga, ulisimama mlangoni ukawapokea waombolezaji kwa vichekesho. Watu wakasema, jamani, mume huyu ana moyo. Mimi nilikuwa chumbani, nangoja uje unyamaze na mimi. Hukuja. Miaka kumi na moja sasa, nikianza tu kumtaja, wewe una kisa cha mteja. Walikuwa wananiita mama kwa jina lake. Siku hizi mimi ni mke wa kinyozi."

Mashine ikabaki ikinguruma hewani. Vichekesho vilimpanda Redio kooni, vitatu, vinne kwa pamoja, kama watu wanaogombea mlango, na vyote vikakwama kwenye kiapo. Hapo ndipo alipoona alichokuwa akikifanya maisha yake yote: mdomo ulikuwa upenyo wake wa kutorokea. Sasa hakuwa na pa kutokea. Mbele kioo, nyuma kioo, katikati yeye na mkewe mwenye kichwa kilichonyolewa nusu.

Akalitaja jina la mtoto.

Sauti ilitoka na kutu. Mke wake akafumba macho. "Sema tena."

Akasema tena.

Alhamisi akaungama. "Maneno mangapi?" mwalimu akauliza.

"Moja. Mara mbili."

Mwalimu akaukata ule uzi kwa mkasi. "Rudi baada ya mwaka. Uanze lango la kwanza."

"Lakini mzee, nimejiona!"

"Kila anayeanguka husema hivyo."

Fundi saa akamfuata kwenye ngazi. "Umeniaibisha, shemeji. Mimi nilizimaliza zote ishirini na moja."

"Dada yako alikuwa analia."

"Najua. Alinijia. Sikumwambia kitu."

Ngazi ilikuwa nyembamba. Wakasimama pale, hakuna aliyempisha mwenzake, mpaka Redio akajibanza ukutani na kushuka.

Wateja wakarudi. "Haya Redio, tuwashie!" Akajaribu. Alifika katikati ya kisa cha yule jamaa aliyesinzia kitini, akajisikia anatoroka, ulimi ukamfia. Akanyoa kimya, watu wakatazamana. Kule juu hakutakiwa, na humu hakuweza kuwa yule wa zamani.

Na nyumbani, kila jioni, mke wake sasa anamzungumzia mtoto. Siku nyingine Redio anahisi angetoa chochote apate kichekesho kimoja cha kujifunikia. Jioni moja aliinuka, akisingizia bomba la jikoni linavuja.

"Kaa," mke wake akasema. Akakaa. "Angekuwa darasa la tano sasa."

"La sita," Redio akasema. "Alizaliwa mwanzoni mwa mwaka."

Mke wake akamgeukia taratibu. "Kumbe na wewe ulikuwa unahesabu."

Redio alishika magoti yake kwa mikono miwili, kwa nguvu, yasije yakamwinua.