Tangi la Mlenda

Mimi nimezaliwa Tukuyu, na mtu wa Tukuyu hafundishwi mvua. Kwetu mvua inakukuta kitandani, inakukuta shambani, inakukuta umevaa nguo za harusi, na hakuna anayeshangaa. Lakini nikaolewa Dodoma, ambako watu wanakaa miezi na miezi wakitazama anga, halafu ikinyesha wanakimbizana na mabeseni utadhani hawakuambiwa. Kila Novemba naanza ugomvi. Nagombana na paa, nagombana na nyufa za ukuta wa jikoni, na zaidi ya yote nagombana na mume wangu.

Joel ni fundi wa kuchomelea pale Kizota. Anatengenezea watu mageti, madirisha na magata yaliyonyooka mpaka raha kuyatazama. Gata la nyumba yake mwenyewe lilikuwa linaning'inia upande mmoja tangu msimu uliopita, limejaa majani na mifuko ya nailoni. Nikimwambia, ananijibu, Mama Anitha, kesho. Mwaka huu nikamwambia asipopanda paani, chakula chake nitakiweka huko huko juu mpaka aijue njia. Kesho yake akaleta ngazi.

Na safari hii nilikuwa na sababu. Mama mkwe wangu, Mama Ruthu, alikuwa amekuja kwetu kutoka kijijini, karibu na Mvumi. Anaishi kwenye tembe, nyumba ya zamani yenye paa bapa la udongo, na paa hilo linataka kuongezewa udongo kila mwaka kabla ya mvua. Tangu baba mkwe afariki hakukuwa na wa kupanda. Mvua zilizopita udongo ukalowa, nguzo ikachoka, chumba kimoja kikashuka chote. Joel akamleta mjini kwa ujanja, akamwambia aje amwone mjukuu. Mama si mtoto, alijua. Kila asubuhi aliulizia mabasi ya Mvumi.

Nilitaka abaki, tena nilitaka sana. Huyu mama ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kusonga ugali wa uwele, akanifundisha bila kunicheka mbele za watu. Nikimfikiria amelala peke yake chini ya udongo ule, silali.

Basi nikamtunza. Kiti kizuri ni chake, nyama laini ni yake. Akishika ufagio nampokonya kwa adabu. Akiingia jikoni namrudisha sebuleni. Alipovunja kikombe nikamwambia pole mama, vikombe vipo tele. Kikombe hicho angekivunja Anitha, sauti yangu ingefika Kibaigwa. Nyumbani kwangu nawagombeza wote, mdomo wangu hauna breki, hata kuku wanajua. Mama peke yake sikuwahi kumwinulia sauti. Na kadiri nilivyomtunza ndivyo alivyozidi kunyong'onyea na kuulizia mabasi.

Huku gata likapona. Joel alilinyoosha, akaliziba, akaliunga na bomba linaloshuka kwenye tangi letu kubwa la plastiki. Mimi nikapanda mwenyewe kukagua, nikamwaga ndoo ya maji juu, nikashuka mbio kuweka sikio kwenye tangi, nikacheza pale uani mpaka jirani yangu Shamila akachungulia ukutani kuuliza kama tumepata mkwe. Kisha nikaichomoa ile kona ya bomba inayoingia kwenye tangi, nikaiweka kando. Nikamweleza Joel kwa kituo, kama mwalimu wa chekechea: mvua ya kwanza inaosha paa, ina vumbi na mavi ya ndege, tunaiacha imwagike. Ya pili ndiyo tunakinga. Akaitikia vizuri kabisa.

Ngazi akaiacha pale pale ukutani. Na Mama, ambaye tulikuwa tumemnyang'anya kila kazi, akaiona. Alikuwa amekuja na kiroba cha mlenda mkavu kutoka kijijini, ile mboga inayovutika ikiiva, akaona umeanza kuvuta unyevu, unataka jua. Kwao vitu vinaanikwa juu ya tembe, ndiyo desturi tangu enzi na enzi. Basi siku moja mimi nikiwa sokoni, akapanda taratibu, akautandaza mlenda wote juu ya bati, akashuka, akakaa kwenye kiti chake kizuri. Hakumwambia mtu, na bila shaka alijua ningemshusha.

Mvua ikaja alasiri ile ile. Na ilikuja kwa fujo, na upepo mbele. Mtaa mzima ukalipuka kwa vigelegele, watoto wakavua mashati, Shamila akatoka na mtandio wake akizunguka uani kwake. Mimi nikawa nimekwama sokoni chini ya turubai. Joel alikuwa amesharudi nyumbani kutoka kazini, anaona maji mazima yanamwagika ardhini. Mgogo halisi huyo, amekua anachota maji kwenye shimo la mchanga. Roho haikumruhusu. Akatoka na singlendi mvuani, akairudisha kona ya bomba mahali pake, akasimama hapo amelishika tangi kwa mikono miwili. Niliporudi nimelowa chapachapa lilikuwa limejaa hadi shingoni, naye amelowa, anacheka peke yake, nami hasira zikanikataa nikacheka naye.

Asubuhi maji ya bomba hayakuwa zamu yetu, kwa hiyo Shamila akatuma ndoo ijazwe kwetu. Haukupita muda akarudi nayo mwenyewe.

"Bupe," akasema, "haya maji mbona yananifuata?"

Akainamisha ndoo. Maji yakashuka, yakasita, yakarudi juu. Alisema mumewe Hanifu yuko bafuni na povu kichwani, kila akijimwagia anateleza zaidi, na sasa anaita majina ya watu wote wa ukoo. Nikafungua bomba la tangi: uzi mrefu wa kijani ukatoka, ukaning'inia, ukakataa kukatika. Anitha akauzungusha kwenye kijiti. Joel akaonja, akalamba midomo, akaonja tena.

"Umekosa chumvi tu," akasema.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Gata langu lilikuwa limefanya kazi vizuri hivyo, halikupoteza hata jani. Shamila alikaa chini kabisa, mtandio mdomoni, akituomba tumwonee huruma mbavu zake.

Kisha Mama akatoka chumbani na begi lake, amejifunga khanga ya safari. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mlenda ni wake, ametuharibia maji, mtu aliyezoea tembe hafai kwenye nyumba za watu. Akamwomba Joel amsindikize stendi. Kicheko kikakatika. Joel akaanza kubembeleza, si kitu mama, ni maji tu mama. Shamila naye akamwambia asijali, mvua itanyesha nyingine. Sote tukawa wapole kama tuko msibani, na kadiri tulivyokuwa wapole ndivyo alivyosogelea geti.

Nilijitahidi kunyamaza, nakuapia. Lakini macho yangu yakaiangukia ngazi. Nikamwona mama huyu akipanda na kiroba kichwani, miguu ile inayomsumbua, hakuna hata mtu wa kumshikia chini. Damu ikanipanda.

"Mama, weka begi chini," nikasema. "Nani alikwambia upande paani peke yako? Ungeanguka je? Na mlenda kiroba kizima unauacha nje, wingu unaliona, wewe mtu uliyelima maisha yako yote? Sasa unataka kukimbilia basi, tangi aoshe nani? Mimi? Shika ndoo."

Joel akaweka mkono mdomoni. Hapo nikaogopa, maana kwetu mkwe akimfokea mama mkwe hivyo, ukoo unaitwa kikao. Nilitamani kuyameza maneno yote.

Mama akalishusha begi chini polepole.

"Tangu nimekuja hapa," akasema, "leo ndiyo kwanza umenigombeza. Nilikuwa najiuliza nitakuwa mgeni mpaka lini."

Akafungua khanga ya safari, akajifunga vizuri kiunoni, akaichukua ndoo. Akaigeuza. Akaniambia ina tundu, tena lina siku nyingi, na mwanamke mwenye nyumba hawezi kutembea na ndoo yenye tundu. Akaendelea kwamba maharage yangu huwa siyaivishi vizuri, kwamba Anitha nimemdekeza, kwamba chumvi naweka kama naiogopa. Alikuwa ameyaweka moyoni yote hayo, mgeni asiyeruhusiwa kusema. Tukalilaza tangi, tukalisugua, tukateleza, Joel akaanguka na makalio, na Mama akamgombeza na yeye. Mimi nilisuuza huku nacheka na machozi yananitoka, na kila nilipodhani amemaliza, alikumbuka jingine.